Mshono Uliolalia Kushoto

Mama Gesti hakuwa mtu wa kuamini maneno. Alikuwa na nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na viwili, na wageni walikuwa wamechoka kulala juu ya mabonge. Alisimama katikati ya ua wa Fundi, mkoba kwapani, akataka aonyeshwe godoro la pamba lililoshonwa na Fundi mwenyewe, likalaliwa mwaka mzima, na bado likawa godoro. Maneno matamu, alisema, hata mume wake wa kwanza alikuwa nayo.

Fundi alicheka, akamwambia asubiri. Kazi hii alikuwa ameifanya miaka ishirini na mitatu, na hakuna mtu aliyewahi kumrudishia godoro. Aliingia ndani. Godoro lake na mkewe lilikuwa limechoka kuliko yale ya gesti, akalipita. Akaenda chumba cha binti yake, akaondoa shuka na mto, akajitwisha godoro alilomshonea mwaka jana alipomaliza shule. Kazi yake nzuri kuliko zote. Alilibwaga juu ya mkeka uani, akalipiga kofi kama mtu anayeuza ng'ombe.

Mama Gesti aliinama. Alibonyeza katikati, akabonyeza pembeni, akapitisha kucha kwenye mshono kuanzia kichwani hadi miguuni. Kucha ikasimama kwenye kona.

"Hapa je? Hapa pamefumuliwa, pakashonwa tena."

Fundi aliinama naye. Mishono yake yote ililalia kulia, hatua fupi zilizolingana, zimebanwa hadi kitambaa kikaota ukingo. Kwenye kona ile, kwa urefu wa kiganja, mshono ulilalia kushoto. Ulikuwa mshono mzuri. Angekuwa mwanafunzi wake angemsifu. Na katika nyumba ile aliyeshona kwa mkono wa kushoto alikuwa mmoja tu.

Mtu mwingine hapo angesema samahani mama, nitakuonyesha jingine. Angelibeba godoro, arudi nalo ndani, afunge mlango, aulize. Lakini Fundi alikuwa fundi kabla hajawa kitu kingine chochote, na mteja alikuwa amenyooshea kidole kazi yake. Aliona kinachokuja: itasemwa mjini kwamba anajaza matambara katikati na kufunika kwa pamba safi, kama wanavyofanya wengine. Akatoa mkasi mfukoni. "Tazama kwa macho yako," alisema, akakata ule uzi, akaingiza mkono hadi kiwikoni, akavuta.

Ilitoka pamba. Ikafuata mikunjo ya vitambaa, vipande vya shuka kuukuu vilivyokunjwa kwa uangalifu mkubwa, vyenye madoa makavu ya kahawia. Kikatoka na kikopo cha dawa ya vidonda kilichobaki robo.

Mama Gesti alirudi nyuma hatua moja. Mkewe Fundi, aliyekuwa anashona foronya kwenye cherehani barazani, aliacha kukanyaga pedali. Shangazi, dada yake Fundi, alikuwa ameketi mlangoni mwa chumba chake akisugua miguu yake kwa mafuta. Naye alinyoosha shingo. Na kutoka bombani, ndoo mkononi, akaingia mwenye godoro.

Jina alilopewa na baba yake ni Tarumbeta, kwa sababu siku aliyozaliwa alilia mpaka majirani wakagonga ukuta. Sasa alikuwa na miaka kumi na tisa, wote walimwita Taru, na alipozungumza ilibidi umsogelee ndipo usikie. Alivaa blauzi ya mikono mirefu. Joto la mchana ule lilikuwa la kukausha matope, na yeye mikono yake imefungwa vifungo hadi kwenye viganja. Walikuwa wamemzoea hivyo. Waliita adabu.

Taru aliona godoro, akaona vitambaa. Aliweka ndoo chini polepole sana, kana kwamba maji yale ndiyo kitu pekee ambacho bado kingeweza kuokolewa.

Shangazi ndiye aliyemfikia kwanza. Alimshika mkono, akafungua kifungo, akapandisha nguo mbele ya mteja, mbele ya uwazi wa lango, mbele ya jua. Kulikuwa na makovu, ya zamani na ya juzi. Taru hakuvuta mkono. Aliuacha kama si wake.

"Magodoro yangu utaletewa kesho uyafumue na kuyashona upya, na Alhamisi ya wiki ijayo nakuja kuchukua mzigo wangu," alisema Mama Gesti kwa sauti ndogo, akamwambia Fundi pole, akaondoka bila kutazama nyuma. Bora angetukana.

*

Jioni ile waliulizana maswali yote ambayo hayana faida. Fundi alitaka kujua ni nani aliyemfanyia. Taru alipojibu kwamba ni yeye mwenyewe, Fundi aliuliza tena, kama mtu aliyepewa chenji ya nchi nyingine. Kisha akataka kujua wamemkosea nini. Hajalala njaa, hajapigwa, amesomeshwa. Taru alikaa sakafuni, mgongo ukutani, na kwa kila swali akatikisa kichwa.

"Kuna kelele ndani," alisema mwishowe. "Zikizidi nafanya vile, zinanyamaza kidogo. Halafu zinarudi na wenzao."

"Kelele za nani?" Fundi aliuliza.

"Zangu."

Shangazi alikuwa na majibu. Alisema ni mtu ameutupia ukoo jicho baya, na kama si hivyo basi ni mvulana, na kama si mvulana ni kudeka, maana wao walipokuwa wasichana hapakuwa na nafasi ya kelele za ndani, za nje tu ziliwatosha. Mkewe Fundi alimwambia, wifi, nakuomba. Shangazi akasema haombwi, anasaidia.

Basi wakasaidia. Niseme wazi, kwa sababu nyumba kama hii si moja: walimpenda binti yao, na kwa upendo huo wakamfanya mfungwa. Fundi alifungua bawaba za mlango wa Taru, akausimamisha mlango uani nyuma ya magunia ya pamba. Alishona godoro jipya, jembamba, akafunga kona zote kwa mshono wa siri aliojifunza kwa mwalimu wake, na kila alfajiri aliingia akapiga magoti kukagua kama kuna uzi uliobadilika. Taru alijifanya amelala. Shangazi alijipa cheo cha mkaguzi wa mikono. Kabla ya chai, barazani, Taru alisimama mbele yake, akakunja nguo, akageuza mkono huu na huu, na shangazi akaangalia akiwa amevaa miwani ya kusomea.

"Safi," alisema shangazi. "Kunywa chai."

Siku ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tatu safi. Fundi alianza tena kupiga mluzi kazini. Siku ya nne mkewe alimwona Taru akipanda ngazi mbili za baraza, akashika nguzo, akauma midomo, akavuta mguu kama mtu aliyetembea safari ndefu. Mkewe Fundi aliishusha mikono kutoka kwenye cherehani.

Walikuwa wanakagua mikono. Hakuna aliyewaza kwamba mtu ana mwili mzima.

Hakumwambia mumewe, hakumwambia wifi yake. Alichukua mtandio, akamwambia Taru vaa viatu.

*

Kwenye dirisha la kuandikisha la zahanati, karani aliuliza tatizo ni nini, na aliuliza kwa sauti ya mtu anayenadi. Benchi nzima ikageuka. Mama alisema kichwa. Karani akauliza kichwa cha nani, cha mama au cha binti. Mama akasema vyote viwili, na watu kadhaa wakacheka, na karani naye akacheka, akaandika kichwa. Walikaa saa tatu. Mzee mmoja alitaka kujua kama msichana anasikia baridi, mbona amevaa hivyo. Taru alihesabu vigae vya sakafu, alipofika mwisho akaanza upya.

Muuguzi alikuwa mwanamke mnene mwenye viatu vya raba na kalamu nywele­ni. Aliposikia kwamba si kichwa, aliinuka akafunga mlango. Hakusema nionyeshe. Alivuta kiti akakaa karibu na Taru, akamuuliza leo hamu ile imemjia mara ngapi.

Taru aliinua uso. Katika siku zile zote hakuna aliyemuuliza hivyo.

"Mara mbili," alisema. "Na hapa kwenye benchi, ya tatu."

"Sasa ipo?"

"Inashuka."

Muuguzi alitikisa kichwa kama fundi aliyesikia mwenzake akitaja chombo kwa jina lake. Kisha aliuliza jambo lililomfanya mama ashike ukingo wa meza. "Mdogo wangu, unataka kufa?"

Taru alifikiri. Hilo ndilo lililomtisha mama kuliko jibu: kwamba alifikiri. "Kuna siku natamani nilale nisiamke," alisema. "Leo hapana. Leo nataka tu zinyamaze."

Muuguzi akasema asante kwa kusema kweli. Akasema siku ile nyingine ikirudi, iwe mchana au usiku, aje hapa au aletwe, apite dirishani bila kuandikishwa, aseme nimetumwa na mwenye raba, na karani akileta maneno yake ataonana na raba zenyewe. Kwa mara ya kwanza Taru alitabasamu, upande mmoja wa mdomo.

Muuguzi alisafisha vidonda bila kuguna. Huku akifanya kazi alieleza. Ile hamu inapanda kama homa, alisema, inafika juu kabisa, na ukiwa huko juu unaapa haitashuka kamwe. Inashuka. Huwa inashuka hata usipoitii. Kazi ni kupitisha zile dakika ukiwa mzima, na mtu hapitishi peke yake kama kuna mwenzake. Akampa kipimo: sifuri ni shwari, kumi ni juu kabisa. Ataje namba tu, mambo ya kueleza yatakuja baadaye. Akampa karatasi aandike mwenyewe mambo ya kufanya namba ikipanda, mambo yasiyomwachia maumivu. Vitu vyenye makali alivyovificha, akavitoe mwenyewe kwa mkono wake, ampe mama. Na Ijumaa ya wiki ijayo kuna daktari wa mambo haya anayepita mara mbili kwa mwezi. Jina la Taru tayari liko kwenye daftari lake.

"Na nyinyi," alimwambia mama, "akitaja namba msimhoji. Msimhubirie, msilie mbele yake kama mnaweza. Kaeni naye."

"Tukae tu?" mama aliuliza.

"Mkidhani ni rahisi, jaribuni."

*

Fundi alisikiliza habari yote akiwa amesimama, fimbo za kupigia pamba mikononi. Alikubali mkaguzi aachishwe kazi. Alikubali kurudisha mlango, akaurudisha siku hiyohiyo. Mikasi, sindano ndefu za magodoro na kila chenye makali akavifungia kwenye sanduku la bati, ufunguo shingoni, na Taru akaongeza vyake, vilivyofungwa kwenye leso, bila mtu kuifungua leso kutazama. Lakini lile la kukaa halikumwingia.

"Nikae tu," alimwambia mkewe. "Mimi fundi. Kitu kimeharibika mbele yangu, nikae nikiangalie."

"Mtoto si kitu, baba Taru."

"Ndiyo maana siwezi kukaa."

Taru aliandika karatasi yake kwa penseli. Kunawa uso kwa maji ya baridi mpaka pumzi ikatike kisha irudi. Kutembea hadi bombani na kurudi, mara saba. Kumwambia mama. Kuimba, lakini kimoyomoyo, kwa ajili ya majirani. Kumuuliza shangazi habari za miguu yake, kwa sababu akifika kwenye daktari wa tatu mtu unakuwa umesahau hata jina lako. Shangazi aliisoma karatasi ilipoachwa mezani, akanuna siku nzima. Kesho yake mchana, Taru alipokaa karibu naye na kuuliza, alianza kusimulia polepole tangu mguu wa kulia, na hakumaliza mpaka alipoona mabega ya msichana yameshuka.

Si kila kitu kilifaa. Mama yake alidhani kupiga pamba kungemsaidia, atoe hasira kwenye kitu kisichohisi. Pamba ya magodoro ya zamani hutandazwa mkekani ikapigwa kwa fimbo mbili nyembamba mpaka iumuke. Taru alipiga. Alipiga robo saa, nusu saa, vumbi likapanda hadi paa la baraza, na Fundi akasema kwa fahari kumbe binti ana nguvu. Mama ndiye aliyeona kwamba hashiki fimbo kwenye mpini uliofungwa kitambaa. Anashika chini yake, kwenye mti mkavu, na viganja vimechubuka. Alizichukua fimbo taratibu. Taru akalia kwa hasira, akasema hata hili pia mtaninyang'anya. Mama akakumbuka maneno ya muuguzi, yasiyokuachia maumivu, akasema ndiyo, hata hili.

Kilichofaa kilikuwa kazi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuitaka katika nyumba ile. Kabla ya kupigwa, pamba iliyoganda huchambuliwa kwa vidole, bonge kwa bonge, unyuzi kwa unyuzi, ukitoa punje na takataka. Ukivuta kwa nguvu inakatika, ikawa mavumbi. Lazima uvute kidogo, uachie, uvute tena. Huwezi kuharakisha, na huwezi kuifanya ukiwa umekunja ngumi. Taru alikaa juu ya gunia, akachambua magodoro matatu ya Mama Gesti kwa siku mbili. Mara nyingine namba ilikuwa saba alipoanza, ikawa nne kabla bonge halijaisha. Mara nyingine haikushuka hata kidogo, akaenda kunawa, akatembea, akarudi.

Jumanne alimwambia baba yake. Mama alikuwa sokoni, Fundi alikuwa anapima kitambaa, na Taru akasimama karibu, akasema kwa sauti yake ile ya kusogelewa, "Baba, tano."

Fundi aliweka kitambaa chini. Alitaka kutengeneza. Akamwambia awe na moyo mgumu. Akamwambia wapo wenye shida kubwa kuliko yeye na hawafanyi mambo hayo. Akamwambia mama yake hapati usingizi, na yeye mwenyewe mkono umeanza kutetemeka wakati wa kutunga uzi, na je, anajua hilo. Kila neno alilisema kwa upendo, na kila neno lilitua kama tofali. Taru alisema ndiyo baba. Akasema imeshuka, baba. Akaenda zake chumbani.

Siku ile yote na kesho yake hakumtajia namba yoyote. Alimtajia mama, tena mara moja tu. Mama alijua maana yake, na wazazi wote wawili hawakulala.

*

Alhamisi saa nne asubuhi Mama Gesti alifika na gari la mizigo na dereva. Mama Taru alikuwa amekwenda kutafuta uzi wa katani uliowaishia, kwa maana magodoro tisa yalikuwa tayari na matatu bado midomo wazi. Fundi aliomba hadi saa nane. Mama Gesti alisema wageni wake wanaingia saa sita, na watalala juu ya nini kama yeye bado anabembeleza mafundi. Alizunguka yale tisa yaliyopangwa barazani. Akabonyeza la juu.

"Nataka hili lifunguliwe," alisema.

Fundi, mkononi mkasi wa kazi alioutoa sandukuni asubuhi ile, aliuliza la nini.

"Nione ndani. Fundi, usinikasirikie. Hapa kwenu nimekwisha kuona vitu vikitoka kwenye godoro. Mgeni wangu akikuta kitambaa cha damu, nitamwambia nini?"

Dereva alitazama pembeni. Shangazi, mlangoni pake, aliweka chini kichupa cha mafuta.

Taru alikuwa nyuma ya magunia, bonge la pamba mkononi. Alisikia. Damu ilimpanda masikioni, na zile kelele zikaamka zote kwa pamoja kama watu waliosikia moto. Alivuta unyuzi, ukakatika. Alivuta mwingine, ukakatika. Alikwenda kwenye pipa la maji, akatumbukiza uso, akahesabu, akautoa. Alitembea bombani na kurudi mara moja, mara mbili, lakini njia ilipita karibu na wale watu na miguu ikagoma. Mama hayupo. Shangazi yuko palepale walipo. Alisimama kwenye kivuli cha ukuta, maji yakimtiririka shingoni, na akajua mahali pa kwenda na jambo la kufanya, kwa sababu mwili ukishajua njia hausahau. Ingekuwa dakika chache tu. Hakuna ambaye angejua kabla ya jioni.

Kwa upande mwingine wa ukuta, baba yake alikuwa anashindana kuhusu pamba.

Hatua alizopiga zilikuwa kumi na tano, pengine ishirini. Nimewahi kuona wanaume wakipanda nguzo za umeme bila kamba, nimeona watu wakishuka visimani. Sijaona mtu aliyefanya kazi ngumu kuliko msichana yule akikatiza ua ule. Alisimama mbele ya baba yake, blauzi imelowa, mbele ya Mama Gesti na dereva.

"Baba," alisema. "Nane."

Fundi alimtazama, akamtazama mteja. "Mwanangu, unaona nina mgeni," alisema.

Taru alitikisa kichwa, ndiyo, ameona. Aligeuka. Alikuwa amekwisha kupiga hatua ya tatu, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika wa kulia juu ya kifungo, ukikibana, ukikizungusha, na Fundi, ambaye macho yake yalikuwa yamezoea kuona mshono ulioachia kabla haujafumuka, aliuona ule mkono.

Aliushusha mkasi. Aliuweka mfukoni, akatoa tena, akamkabidhi dereva aliyekuwa karibu zaidi, kana kwamba amemjua miaka mingi. "Nisamehe mama," alimwambia Mama Gesti. "Fungua yote kama unataka. Mimi natakiwa na binti yangu."

Mama Gesti alianza kusema kwamba yeye hana siku nzima. Hakumaliza. Shangazi alikuwa amesimama kwa miguu yake yote miwili mibovu, amejipanga kati yake na magunia, mikono kiunoni. Huyu alikuwa ndiye mwanamke ambaye wiki iliyopita alipandisha nguo ya Taru mbele ya dunia. Alisema kwa heshima kubwa kwamba kuna shughuli ya nyumbani, mgeni akae kwenye benchi, chai inakuja. Na kama hataki chai basi akae vilevile. Mama Gesti alimwangalia, akaangalia kule alikoingia Fundi. Akakaa. Baada ya muda aliuliza, kwa sauti nyingine kabisa, kama msichana hajambo. Shangazi alisema atakuwa hajambo, akaanza kumsimulia kuhusu mguu wa kulia.

Nyuma ya magunia kulikuwa na kivuli na harufu ya pamba kuukuu. Fundi alikaa chini. Magoti yalilia. Taru alikaa karibu naye, si karibu sana. Fundi hakumhoji. Maneno yalimjaa kinywani, yote mazuri, yote ya baba, naye akayashikilia meno yakauma. Hakujua mikono aiweke wapi. Mwishowe akachukua bonge, akavuta, likakatika vipande viwili.

"Unavuta sana," alisema Taru.

"Hivi?"

"Kidogo. Achia. Vuta tena."

Walichambua. Baada ya muda Fundi akauliza, "Ngapi?"

"Nane bado."

Walichambua tena. Vidole vya Fundi vilikuwa vizito kwa kazi ile. Miaka mingi alikuwa amewaachia wengine. Alisikia binti yake akipumua kwa pua, akitoa kwa mdomo, kwa mpango, kama mtu anayebeba kitu kizito juu ya ngazi. Akajikuta anapumua naye. Dakika zilikuwa ndefu. Kule nje dereva alipiga honi, mara moja, kisha mara ya pili kwa kirefu, na sauti ya shangazi ikasikika ikimuuliza kama anawahi mazishi.

"Ngapi?" Fundi aliuliza.

Taru alitazama kule honi ilikotoka. Alifikiria magodoro matatu yaliyo wazi, na baba yake, na mkono wake unaotetemeka wakati wa kutunga uzi.

"Mbili," alisema.

Fundi alishusha pumzi yote aliyokuwa nayo. Alimpiga kofi dogo begani, akaweka mkono kwenye gunia, akainuka nusu, goti moja bado chini. Alikuwa anawaza tayari ni wapi aliacha sindano.

"Baba."

"Naam."

"Nimekudanganya. Ni saba."

Alibaki hivyo, katikati ya kusimama na kukaa. Honi ikalia tena. Alimtazama binti yake, na Taru hakuinamisha macho. Alikuwa anatetemeka kama mtu aliyetolewa majini, lakini macho aliyaacha palepale.

Fundi alikaa. Alikaa vizuri safari hii, akaegemea magunia, akanyoosha miguu.

"Saba," alisema. "Haya."